Mkanda wa Miaka Tisa

Ukiwauliza watu wa Ng'ambo hapa Tabora, watakwambia Fundi Mfaume aliacha kazi kwa sababu ya macho. Wanasema hivyo hadi leo, kwa uhakika kabisa, na wengine wao hawakuwahi hata kukanyaga uani kwake. Mimi nilikuwa uani kwake siku ile. Nilikuwa mkwewe, mume wa binti yake Batuli, na spana ilikuwa mkononi mwangu. Mzee aliacha kazi kwa sababu yangu.

Nitaeleza, lakini nianze na yeye, maana ndiye anayestahili kutangulia.

Mfaume alizaliwa hapa hapa Ng'ambo, mwaka asioujua. Mama yake alimwambia tu kwamba Wajerumani walikuwa wameshaondoka. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani mara tano, na aliporudi mara ya tano akasema mabega yamekataa, akajenga nyumba. Baba yake alishona viatu. Mzee alipenda kusema kwamba ukoo wao ulibeba mzigo begani, kisha ukapumzika kizazi kimoja, kisha ukaanza kubeba kwa magurudumu. Wakati wa vita kuu ya pili alichukuliwa jeshini akaendesha malori huko Burma, akarudi na ufundi wa injini na kovu la moto lililotoka kifundoni hadi gotini. Akafanya kazi miaka mingi katika gereji ya Mhindi mmoja karibu na soko. Siku ya uhuru ilimkuta chini ya lori, mgongo uko mavumbini, akasikia ngoma na vigelegele bila kuona kitu isipokuwa miguu ya watu wakipita mbio. Aliniambia hakutoka, kwa sababu alikuwa ameshikilia gia boksi kifuani na hakuna aliyekumbuka kuja kumpokea.

Baadaye alihamia gereji ya chama cha ushirika. Ujamaa aliuamini, tena kweli kweli. Kadi yake ya chama aliihifadhi sanduku moja na msahafu. Lakini mwaka wa sabini na nne, wakati wa kuhamia vijijini, aliitwa upande wa Usinge kutengeneza lori lililoharibika njiani. Akakuta familia nzima nzima zimekaa pembeni ya barabara na vyungu vyao, na kuku wamefungwa miguu, wote wakimsubiri yeye aliwashe lori ili wapelekwe wasikotaka kwenda. Aliliwasha. "Hakuna aliyenishukuru," aliniambia. "Gari likiwaka siku zote kuna mtu wa kusema ahsante." Alikumbuka jambo hilo mara kwa mara.

Vyama vya ushirika vilipovunjwa, mzee alirudi nyumbani. Akachimba shimo uani, akasimamisha banda la mabati matano, akaendelea na kazi. Mimi nilikuwa kibarua wake tangu kwenye ushirika, nikamfuata. Alinipa kazi kwanza, binti baadaye, na sijui kipi alikijutia zaidi.

Sasa sikilizeni habari ya jogoo, maana bila jogoo hamtanielewa.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, nilimwona mzee akikaza bolti ambayo haikuingia sawasawa kwenye uzi wake. Nikasema pale pale, mbele ya mwenye gari, "Baba, hiyo inakula uzi." Nilisema kama fundi anavyomwambia fundi. Mzee akaifungua, akaitazama, akaianza upya. Lakini maneno yalitembea, na kesho yake baba yangu mdogo, Nassibu, alinijia nyumbani uso umemvimba. "Shaban, unamsahihisha mkweo mbele ya watu? Wewe umelelewa na nani?" Alinitukana kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Akanitoza jogoo, tena akachagua mwenyewe, yule mwekundu niliyekuwa nampenda, tukampeleka kwa mzee kuomba radhi. Mzee alimpokea jogoo. Akasema, "Nimemsamehe. Ila bolti ilikuwa inakula uzi kweli."

Baba mdogo alicheka, nami nikacheka kwa aibu. Nilishika jambo moja tu siku ile, kwamba mkwe hasahihishwi. Yale maneno ya mwisho niliyachukua kuwa ni utani wa mzee wa kunipunguzia fedheha. Mpumbavu haambiwi mara moja akasikia, na mimi sikuambiwa mara ya pili.

Miaka ikaenda. Nadhani ilikuwa themanini na moja mzee alipoanza ile tabia yake ya kuuliza. Akimaliza kufunga kitu, ananisogezea na kusema, "Sawa?" Nami najibu, "Sawa, baba." Akichanganya oili, "Sawa?" Akipanga pleti za klachi, "Sawa?" Niliona ni heshima, mkubwa anamshirikisha mdogo. Wakati mwingine niliona ni mtihani, ananipima kama nimejifunza. Kazi ya mzee ilikuwa nzuri, kwa hiyo jibu langu lilikuwa moja asubuhi hadi jioni, na nusu ya mara hizo nilijibu bila kutazama.

Mambo mengine niliyaona, siwezi kusema sikuyaona. Aliacha kusoma namba za spana, akawa anazipima kwa kidole. Watu aliwatambua walipotoa salamu, si walipokuja. Kwenda msikitini aliweka mkono wake begani kwangu, na mimi nilitembea nikijivuna, nikidhani mtaa mzima unaona jinsi mkwe wangu anavyonipenda.

Basi, mwaka wa themanini na tatu ukaja, na wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa. Sabuni hakuna, mikono ya oili tulioshea majivu na mchanga. Petroli kwa kibali. Kipuri cha gari, hata bolti, ukikipata ulikificha. Kisha ukaja msako wa walanguzi. Watu waliokuwa na katoni mbili za sabuni ndani walizitupa chooni kwa hofu. Mzee hakuwa mlanguzi hata kidogo, lakini chini ya kitanda chake palikuwa na bati la biskuti, na ndani ya bati, kwenye karatasi iliyopakwa mafuta, palikuwa na mkanda mpya wa taimingi, ule wa mpira wenye meno unaoendesha valvu za injini, na pampu mpya ya maji.

Vitu hivyo vilikuwa na mwenyewe. Mwaka wa sabini na nne daktari mmoja wa kigeni alipoondoka, aliuza gari lake dogo jeupe kwa Mwalimu Hilari wa Lusu, kule Nzega. Vipuri hivyo viwili alimwachia Mfaume aliyekuwa akilitengeneza, akamwambia siku ikifika amfungie mwalimu. Mzee akaviweka. Miaka tisa. Walikuja watu na fedha nzuri, wenye magari ya aina ile, akawajibu kwamba hana. Aliona uongo huo ni halali kwa sababu vitu vile havikuwa vyake.

Msako ulipofika mtaa wa pili, alimwambia mkewe, Mama Siwema, akafiche bati. Na Mama Siwema, mwanamke wa Kinyamwezi aliyelelewa shamba, alificha mahali ambapo mama yake na bibi yake waliweka kila kitu kisichotakiwa kupotea: juu ya meko, kwenye kichanja, katikati ya mahindi ya mbegu. Moto uliwaka chini yake asubuhi, mchana na jioni, miezi mitano. Mahindi ya mbegu yanapenda hivyo. Wadudu hawayagusi.

Mwalimu Hilari alifika mwezi wa tisa, siku ya Jumatano, na mkewe Josepha. Gari lilikuwa likivuja maji kila baada ya maili kumi. Alishuka akiwa amechoka, shati limemganda mgongoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Pampu hiyo," mzee akasema kabla hajaonyeshwa kitu. "Nimeisikia inalia tangu ulipokata kona."

Hilari akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaeleza kwamba gari lile ndilo gari la wagonjwa la Lusu na vijiji vya jirani. Akina mama wenye uchungu, watoto wa degedege, mtu aliyeangukiwa na mti, wote anawapeleka Nzega yeye. "Nimezunguka kote, Fundi. Wamenicheka. Wanasema nchi hii nzima pampu hiyo haipo. Nikasema nije kwako kwanza, ukinambia haipo nitalisukuma hadi nyumbani nilifanye banda la kuku."

Mzee aligeukia nyumba. Aliita kuelekea jikoni, "Mama Siwema! Lete amana ya mwalimu!"

Sijawahi kumwona mzee akiwa na furaha namna ile. Alilipokea bati kwa mikono miwili, akalifungua, akainua mkanda hadi puani. "Unanuka moshi," akasema. "Mke wangu ameufanya mbegu. Tukiupanda utaota magari." Josepha alicheka hadi akashika mbavu. Hilari yeye hakucheka. Aliangalia ile pampu inavyong'aa, na machozi yakamlengalenga, mtu mzima na mvi zake.

Tukaanza kazi. Nilimwaga maji ya rejeta, nikatoa feni na kifuniko cha mbele. Mzee aliinama juu ya injini, akaizungusha kwa spana polepole hadi alama za magurudumu mawili ya mkanda, la juu na la chini, zikasimama mahali pake. Alizitafuta kwa ukucha wa kidole gumba. Alama ni kitundu kidogo tu, hata mimi na macho yangu ya miaka thelathini nililazimika kukaribia ili nikione, lakini ukucha wake uliingia pale kana kwamba umeitwa. Akachora chaki. Akalegeza kikaza mkanda, akautoa mkanda wa zamani, akaniwekea mkononi.

Niliukagua kwa mazoea tu. Ulikuwa umechakaa, pembeni nyuzi zimetoka. Lakini meno yote yalikuwepo, imara, na mpira wake ulikuwa bado laini.

Pampu mbovu ikatoka. Mzee alikata gasketi mpya ya kuzuia maji yasivuje kwa jalada la faili, akaliweka juu ya mdomo wa pampu na kuligonga kwa nyundo ndogo pembeni, tik tik tik, mpaka umbo likajikata lenyewe. Akapaka grisi, tukafunga pampu mpya, bolti sita, kila moja akaikaza kidogo kidogo kwa zamu. "Sawa?" "Sawa, baba." Hapo nilitazama, na kweli palikuwa sawa. Mungu ni shahidi, hakuna fundi mwenye macho aliyewahi kufunga pampu vizuri kuliko ile.

Ndipo akachukua mkanda wa miaka tisa, akaukunja mara moja, akanipa.

"Kagua. Sawa?"

Niliukunja kinyume, ndani nje, ili meno yafunuke, jua likaangukia juu yake. Kwenye shina la kila jino palikuwa na ufa. Nyufa nyembamba kama unywele, moja kila jino, kama tope lililokaukia kwenye dimbwi. Nikaukunja mahali pengine. Palikuwa vile vile. Mpira ulikuwa mgumu, ulikataa kukunjika na kutoa mlio mdogo mkavu. Miezi mitano ya moto ilikuwa imeupika.

Hili ndilo lilikuwa mikononi mwangu, na nililielewa lote kwa mara moja. Mkanda ule ukikatika meno, valvu zinagongana na pistoni na injini inakufa, na katika nchi isiyokuwa na pampu hakutakuwa na valvu. Gari likifa, Lusu inabaki na machela. Na jina la Mfaume, jina alilolijenga tangu Burma, linakufa barabarani pamoja na gari. Dawa yake ilikuwa sentensi moja: baba, huu umekauka, turudishe ule wa zamani mpaka tupate mwingine.

Hilari alikuwa amesimama mkono wa kulia wa mzee. Josepha alikuwa ametandika kanga kivulini. Mama Siwema amesimama mlangoni mwa jikoni, amejifunika vizuri kwa sababu mkwewe yupo, anasubiri kuona amana yake ikiingia mahali pake. Na mzee amenigeuzia uso uliojaa furaha ile.

Nilimwona jogoo mwekundu. Nilimwona baba mdogo Nassibu. Nikajiambia, si mbele ya watu, nitamwambia tukiwa wawili.

"Sawa, baba," nikasema.

Akaufunga. Alihesabu meno kwa ukucha kutoka gurudumu la juu hadi la chini, akakaza, akazungusha injini mizunguko miwili kwa mkono, alama zikarudi pale pale. Adhana ya adhuhuri ikalia. Tukaenda msikitini, mkono wake begani kwangu, na hapo ndipo tulikuwa wawili. Njia nzima hadi msikitini ni hatua mia nne, nilizihesabu baadaye.

"Baba," nikaanza.

"Miaka tisa, mkwe," akasema, hakunisikia au alikuwa hajamaliza furaha yake. "Miaka tisa nimelala juu ya mali ya mtu na sikuigusa. Leo nitalala usingizi wa mtoto."

Ningemwambiaje? Hivyo ndivyo nilivyojiuliza wakati ule. Leo najua ningemwambia hivi hivi, kwa mdomo, sentensi moja, na angenuna hadi magharibi halafu angecheka. Nilinyamaza. Tuliporudi tulijaza maji, gari likawashwa, likanguruma vizuri bila hata tone kudondoka. Hilari alishika mikono yote miwili ya mzee akaitikisa. Kwenye saa tisa wakaondoka, Josepha akipunga mkono dirishani. Mzee alisimama uani akisikiliza hadi mlio ukaisha kabisa.

Siku nane nilikuwa siwezi kula. Batuli aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni tumbo. Kila gari lililopunguza mwendo karibu na nyumba lilinishtua. Siku ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, hakuna habari, nikaanza kujipongeza. Nikasema pengine mpira wa Ulaya si kama wetu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Siku ya kumi na nne Hilari alishuka kwenye lori la pamba, peke yake, vumbi limempaka hadi kwenye kope. Alitoa salamu, akaketi kwenye gogo, akafungua gazeti kuukuu alilolibeba kwapani. Ndani yake mlikuwa na mkanda. Sehemu yenye urefu wa kiganja haikuwa na jino hata moja.

"Ulikatika juzi, Fundi," alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilikuwa nampeleka mama mmoja Nzega, uchungu umemshika. Injini ililia kama sufuria za jikoni zikianguka, ikazima. Tulimbeba kwa machela tuliyofunga kwa matawi na shuka. Tulifika. Yeye mzima na mtoto mzima. Safari hii Mungu alisaidia. Ijayo sijui nitambeba mtu na nini."

Mzee alinyoosha mkono, Hilari akampa mkanda. Aliukunja. Sasa nyufa zilikuwa zimefunguka, hata kidole chenye sugu ya miaka arobaini kingezihisi. Vidole vyake vilipita polepole, vikasimama, vikapita tena. Kisha akageuka, si kwa Hilari, bali upande niliokuwa nimesimama.

"Hizi nyufa," akasema, "zilikuwepo?"

Nilisikia kuku wakiparua nyuma ya choo.

"Nakuuliza, mkwe."

Hapo bado ningeweza. Nimelala na dakika ile usiku mwingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini Hilari alikuwa ananitazama, na nilikuwa naogopa, na mwoga akishasema uongo wa kwanza hana budi kuulinda.

"Sikuziona, baba," nikasema.

"Hukuziona."

"Sikuziona."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu. Akamgeukia Hilari.

"Mwalimu, nisikilize. Mimi ni kipofu."

Hilari alilikunja gazeti lake, akaliweka chini.

"Jicho la kulia halioni kabisa. La kushoto naona mwanga, na mtu akipita naona kivuli. Mwaka wa pili huu. Watu nimewaficha. Nilikufungia mkanda ambao sikuuona. Kosa ni langu, na wala usimtwishe mtu mwingine. Ukiulizwa nani kaua gari lako, sema Mfaume wa Ng'ambo, macho yamekwisha."

Mama Siwema alitoka jikoni mbio, akasahau hata kwamba mimi nipo, kanga imemwanguka begani. Alikuwa analia. "Ni mimi, Mwalimu, ni mimi niliyeuweka kwenye moto!" Mzee akamwambia, "Nyamaza, mama. Wewe uliweka panapowekwa mbegu."

Hakunitazama. Nasema hakunitazama, na sasa nilijua kwamba hajanitazama kwa miaka miwili. Kila "sawa?" aliyoniuliza ilikuwa ni swali. Pleti za klachi, oili, bolti, mamia ya mara, alikuwa akiniuliza kwa sababu hakuona na alitaka kujua, nami nikimrudishia adabu. Nikashika nguzo ya banda.

Hilari alikula chakula cha mchana nasi, akamsamehe mzee kwa maneno mazuri ya Kikristo, akaondoka na lori la jioni. Gari lake limebaki Lusu hadi leo, na kweli kuku wanatagia humo.

Usiku huo nilimweleza Batuli kila kitu. Nilitegemea apige kelele. Alikaa kitandani akifungua na kufunga pindo la kanga, muda mrefu.

"Mama alimsihi aache kazi," akasema mwishowe. "Tangu mwaka juzi. Alimwambia utamwumiza mtu. Unajua baba alimjibu nini? Alisema, siachi, ninaye Shaban."

Akajilaza na kunigeukia mgongo. Nilimsikia akilia, na sikuthubutu kumgusa.

Asubuhi yake mzee alimtuma Mama Siwema aniletee sanduku la spana, lote, hata ile nyundo ndogo ya kukatia gasketi. Hakutuma neno. Nilikuwa nimelitamani sanduku lile tangu nilipokuwa kibarua, na kila mara niliwazia siku nitakayokabidhiwa, kutakuwa na pilau na wazee watakuwepo. Nililisukuma chini ya meza, nikakaa wiki mbili bila kulifungua. Nikalifungua kwa sababu watoto wanakula.

Mtaa ulipata habari ya macho, wakaja kumpa pole. Walisema mengi mazuri kuhusu mimi, mkwe mwema, amerithi kazi, anaendeleza jina. Mzee aliitikia yote. Kunikosoa mbele ya watu hakunikosoa, wala faraghani. Alinisalimia, alikula nami, wajukuu aliwapakata. Ila mambo mawili yalibadilika. Aliacha kuniita mkwe, akawa ananiita Shaban, kama watu wote. Na akitaka kujua kama kizingiti kiko karibu au chai ina moto, aliinua uso na kusema "Sawa?" kwa yeyote aliyekuwepo, kwa Batuli, kwa mtoto wetu wa miaka minne, hata kwa muuza maji. Nikiwepo mimi peke yangu alipapasa mwenyewe.

Nilijaribu kumwomba radhi. Mara mbili nilifika hadi mlangoni kwake na maneno nimeyapanga, nikaishia kuuliza afya yake. Mara ya tatu ilikuwa mwaka wa themanini na sita. Yeye alikuwa amekaa bandani kwenye kiti chake cha kamba, alipenda kusikiliza kazi. Alikuja mtu wa Kaliua na gari, amenunua mkanda kwa mtu njiani, ameupenda, anausifia, anataka ufungwe haraka ana safari. Nikaukunja juani. Nyufa.

Nadhani nilisubiri siku ile miaka mitatu. Sikumjibu mwenye gari kwanza. Nilivuka uani mbele ya watu wote, nikapiga goti karibu na kiti cha mzee, nikamwekea mkanda mapajani.

"Baba," nikasema, kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia, "mkanda huu umepasuka kwenye mashina ya meno. Haufai. Siufungi."

Mwenye gari alianza kulalamika, sikumsikiliza. Mzee aliushika mkanda. Akaupitisha kidole gumba, jino kwa jino, bila haraka, akauzunguka wote mpaka akarudi alipoanzia. Nilikuwa nimepiga goti pale mavumbini, baba wa watoto wanne.

Akaukunja vizuri, akanirudishia.

"Sikukuuliza, Shaban," akasema.